Bangili Iliyokatwa

— Citoyenne, unaweza kunitengenezea hii bracelet? Imekatika, fundo haikamate.

Fundi, jina lake Sikujua, alikuwa kwenye meza yake sokoni Kisangani, anasuka mkanda. Akaipokea bangili kwa yule msichana. Moyo ukamlipuka. Kamba ya parachuti, kijani na nyeusi: kazi yake mwenyewe! Aliisukia mkononi mwa mchumba wake Kasongo, siku ukoo wa Kasongo ulipoleta mbuzi wa mahari, kisha akachoma ncha kwa moto zikashikana. Bangili ya namna hiyo haivuliki. Hukatwa tu.

— Nani alikupatia?

— Fiancé yangu, Kasongo. Anasema aliinunua Yangambi.

Njia ya mwongo ni fupi, jamani. Mwanamume mzima hakufikiri kwamba kitu kikikatika hurudishwa kwa fundi!

— Na weye, jina yako?

— Nyota.

— Bon, Nyota. Ye iko wapi?

— Ananingojea ku mulango ya soko.

— Twende.

Kasongo alikuwa amesimama na suti mpya ya abacost, meno yote nje. Alipowaona wawili, meno yakaingia ndani.

— Kasongo, bracelet yangu iko wapi?

— Ah, Siku... ilianguka mu mutoni. Nilikuwa naoga.

— Ilianguka! Na mi niliichoma ku mukono yako! Kule mutoni kuko kisu?

Nyota akageuka.

— Kasongo, huyu ni nani?

— Mi ni fiancée yake, — Sikujua akajibu badala yake. — Mbuzi yabo iko kwa papa yangu.

— Mbuzi? Na mi uliniambia utaleta mbuzi fête ikiisha! Muongo weye!

— Tafazali, musipige kelele, batu banaangalia...

— Baangalie!

Nyota akairudisha bangili mikononi mwa Sikujua.

— Dada, kamata kitu yako. Na huyu pia, mi simutaki.

— Siku, nisamehe, — Kasongo akalia. — Nilikata kidogo tu!

Sikujua akampa mgongo. Alirudi mezani, akaifumua bangili fundo kwa fundo mpaka ikawa kamba ndefu.

Jioni hiyo mama yake Kasongo alikuwa uani anatwanga pondu, majani ya muhogo, akamwona Sikujua anaingia na baba yake, mbuzi mbele.

— Mutoto yangu, ni nini tena?

— Mama, mbuzi yenu hii. Mi sina matata na weye.

Mama akainama kufungua kamba shingoni mwa mbuzi. Kijani na nyeusi, ncha zimeungua, zimeshikana. Akavuta, akavuta tena.

— Haifunguke, mama. Niliichoma. Mwite Kasongo aikate, ye anajua.