Kikapu Namba Arobaini na Moja

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tangu juzi, ndoo zote kavu, kila mtu nyumbani mle ananawa uso kwa nusu kikombe. Kwa hiyo binti mwenye nyumba alipotoka jikoni saa kumi jioni na kukuta korido imelowa, hakuogopa. Alikasirika.

"Kadogo, nani kakuruhusu kuchezea maji?"

Kadogo, mwanawe wa miaka saba, alichungulia kutoka sebuleni na kalamu ya rangi mkononi. "Sijachezea, mama."

Na kweli miguu yake ilikuwa mikavu, tena imejaa vumbi la uani. Mama mtu akainama atazame vizuri. Hayakuwa maji ya kumwagika ovyo. Zilikuwa nyayo, ndogo, vidole vyote vitano vinaonekana, zimetoka bafuni, zimepita korido, zimeingia chumba cha bibi yake Kadogo na kuishia mbele ya kabati. Za kurudi hazikuwepo.

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi kitandani anashona kifungo. Aliziona, sindano ikamchoma kidole asijue. Harufu iliyokuja nazo aliijua. Haikuwa ya sabuni. Ilikuwa ile dawa kali inayotiwa kwenye bwawa la kuogelea, inayowasha macho.

"Futa tu, mwanangu," alimwambia binti yake. "Labda paa linavuja."

Mvua haikuwa imenyesha miezi miwili. Paa gani hilo la kuvuja jua?

Sasa ngojeni niwaeleze kwa nini mtu mzima wa miaka sitini na tatu aongope uongo wa kitoto namna hiyo. Mtaani walimwita Bi Vikapu, na vijana wa siku hizi hawajui jina lilikotoka. Lilitoka kwenye Jumba la Kioo, lile jumba la starehe lililokuwa kando ya bahari miaka ishirini na mbili iliyopita. Kioo chenyewe hakikuwepo. Paa zima lilikuwa plastiki inayong'aa, watoto wanaogelea chini yake wakiiona mbingu, na mvua ikinyesha hawaguswi. Mlikuwa na bembea, muziki, aiskrimu, ghorofa nne za raha tupu.

Bi Vikapu alikaa kwenye kaunta ya chumba cha kubadilishia nguo. Unavua nguo, unazitia kwenye kikapu, yeye anakipanga rafuni na kukupa kibati cha namba chenye mpira wa kuvaa mkononi. Ukitoka majini unarudisha kibati, unapewa kikapu. Bila kibati hupewi hata ulie machozi ya damu. Aliyemtangulia pale alifukuzwa kazi kwa kumpa mtu kikapu cha mwingine, na Bi Vikapu aliapa kwamba yeye hayatamkuta. Wenzake walimtania kwamba siku akifika mbinguni atamdai malaika kibati. Alicheka nao. Alijivunia, kusema kweli.

Saa kumi ya siku ya mwisho ya jumba lile alikuja msichana wa miaka minane hivi, amelowa chapachapa, meno yanagongana.

"Shangazi, nipe nguo zangu. Kibati kimenitoka majini."

Bi Vikapu alimjua. Mchana uleule alimpokea mwenyewe, gauni jekundu la vifungo vyeupe, kikapu namba arobaini na moja. Alikwishakitoa rafuni, amekishika, na mtoto amenyoosha mikono.

"Rudi ukakitafute," akamwambia. "Ukikipata ndiyo uje."

"Nasikia baridi, shangazi."

"Kitafute."

Mtoto akarudi. Dakika tano baadaye paa lilikuwa linadondoka huku linawaka, tone kwa tone, juu ya maji na juu ya watu. Bi Vikapu alitokea mlango wa wafanyakazi uliokuwa nyuma yake, hatua nane tu. Alipofika mchangani ndipo alipoona kwamba kikapu bado kiko mkononi mwake.

Hakumwambia mtu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, watu hukusanyika palipokuwa na jumba, sasa ni uwanja mtupu wa saruji iliyopasuka, na majina husomwa moja moja. Yeye hukaa mstari wa mbele pamoja na walionusurika, watu wanapita wakimshika mkono na kumpa pole. Akirudi nyumbani hufungua kabati, hukitazama kikapu, hufunga. Mwaka huu, nyayo zilipokuja, zilikuwa zimebaki siku tisa.

Kesho yake saa kumi nyayo zikaja tena, na keshokutwa. Siku ya nne zikaja na sauti. Bafuni, ndani ya ndoo iliyokuwa tupu, mtu alikuwa anapapasa. Vidole vilikwaruza chini ya ndoo, vikazunguka, vikaanza upya, pole pole, kama mtu aliyefumba macho na kutafuta kitu kilichozama. Bi Vikapu alisimama nje ya mlango, mkono kwenye kitasa, akashindwa kukizungusha.

Jioni ile Kadogo alimpandia kitandani, akamsogelea sikioni.

"Bibi, yule dada ananiomba nimsaidie kutafuta."

"Dada gani?"

"Wa bafuni. Kibati chake kimepotea." Akashusha sauti zaidi. "Anasema wewe ndiye uliyemtuma."

Neno kibati Bi Vikapu hakuwahi kulitamka ndani ya nyumba ile. Aliishika mikono ya mjukuu wake. Vidole vilikuwa vimejikunja ngozi kama vya mtu aliyeshinda majini, vya baridi, vyenye harufu ileile ya dawa, na chini ya harufu hiyo, mbali kidogo lakini inakuja, harufu ya plastiki iliyoungua, na nywele za mtoto, alipozigusa, zilikuwa zinachuruzika maji katika nyumba ambayo haikuwa na tone.

Basi, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alimwita binti yake, akafunga mlango, akamweleza yote kwa kunong'ona, na kikapu akakitoa akakiweka kati yao. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa umekishika," alisema. "Mkononi."

"Nilikuwa nimekishika."

Binti akainuka. Alikwenda kumleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayeongea haraka kama aliyeacha chungu motoni. Alikataa kuketi. Alinusa korido, akamtazama Kadogo machoni, akarudi kwenye kikapu.

"Mtoto alikwishakwenda zake," alisema. "Hili ni jini. Limekaa kwenye uwanja ule miaka yote likila vilio vya watu, sasa limevaa sura ya huyo msichana. Limepata mlango kupitia nguo hizi. Zichomeni."

Bi Vikapu akakivuta kikapu kwake. "Kwa moto?"

"Kwa moto."

"Nisimpelekee tu kule uwanjani? Nimwekee pale, nimwambie achukue. Ndicho anachoomba."

"Ukilipa leo hiki, kesho litataka kingine."

Bi Vikapu alimgeukia binti yake. "Mwanangu, yule mtoto anaomba nguo zake tu."

"Mama," binti alisema taratibu, "huyu anayelowa bila maji ni mwanangu. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili ya kumpa."

Bi Vikapu akamkabidhi mganga kikapu. Na tuseme ukweli, sehemu ya moyo wake ilifurahi. Alichoka na kile kikapu. Walikichoma uani mchana kweupe, mganga akisoma maneno yake, gauni jekundu likashika moto upesi kuliko walivyodhani, na vifungo vyeupe vikapasuka kimoja kimoja. Moshi ulinuka plastiki. Bi Vikapu alitazama hadi likabaki jivu, na jivu lenyewe mganga akalizika.

Nyumba ikatulia. Saa kumi ilipita siku hiyo, na siku iliyofuata, na korido kavu. Nywele za Kadogo zikakauka, akarudi kuchora na kugombana na mama yake juu ya uji. Siku ya nne baada ya kuchoma maji ya bomba yakarudi, mtaa mzima ukashangilia. Binti alianza tena kumsemesha mama yake, kwa maneno machache.

Siku ya kumbukumbu Bi Vikapu hakwenda. Alijisemea kwamba magoti yanamuuma. Alibaki anakunja nguo chumbani, Kadogo anaoga, maji yanamiminika bafuni kwa sauti nzuri ya kawaida, na binti jikoni. Kisha maji yakanyamaza. Bi Vikapu akatazama saa ya ukutani, ilikuwa saa kumi, akajikaza, akajiambia mtoto amemaliza kuoga tu, watoto humaliza kuoga, mpaka aliposikia nyayo zinakuja koridoni, chap, chap, bila haraka, zikipita mlango wa jikoni, zikipita sebule, hadi pazia la chumba likasogea na Kadogo akasimama mbele yake amelowa chapachapa, meno yanagongana.

Uso ulikuwa wa Kadogo. Macho yalimtazama kama mtu anavyomtazama mfanyakazi wa kaunta.

Akanyoosha mkono. Penye kifundo palikuwa na mpira ulioyeyuka nusu, umegandia ngozi, na kwenye mpira kibati cheusi kwa masizi. Namba ilisomeka.

"Shangazi," alisema, "nimekipata."

Bi Vikapu alifungua kabati. Alijua hamna kitu, alifungua hivyo hivyo, akapapasa rafu tupu mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake binti alikuwa amefika mlangoni, anaita Kadogo, Kadogo, mwanangu, nitazame, na mtoto hageuki.

"Nipe nguo zangu. Nasikia baridi."

"Hazipo," Bi Vikapu alisema, analia. "Nisamehe, mama. Tumezichoma."

Mtoto alifikiri kidogo. Hakukasirika.

"Basi nitasubiri," akasema.

Akaketi sakafuni mbele ya kabati, akakumbatia magoti, maji yakaanza kutengeneza dimbwi chini yake. Amefungwa mataulo, amevalishwa makoti, waganga watatu wamekuja na kuondoka. Hadi leo hajakauka, na Bi Vikapu hajaitwa bibi tena.