Kipande Kisichojua Kusema

Kila saa muuguzi alikuja na kimashine chake, akakigusisha kwenye ugoko wa Chiriku. Fuu... fuu... fuu. Ilikuwa kana kwamba kuna mtu anahema ndani ya mguu. Chiriku alisisimkwa mwili mzima.

"Kinapumua, sista?"

"Hiyo ni damu inapita. Usishushe mguu kutoka kwenye mto, sawa?"

Siku tatu nyuma, daktari alikata kipande cha ngozi na nyama pajani mwa Chiriku, akakihamishia ugokoni, mahali ambapo pikipiki ilikuwa imeacha mfupa wazi. Mishipa aliiunga kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Chiriku alikigusa. Kidole kilihisi joto, lakini kipande hakikuhisi kidole. Ilikuwa kama kumgusa mgeni aliyelala kitandani mwake.

Mchana ule wenzake wa darasani walimwita kutoka dirishani. Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, aliketi ukingoni mwa kitanda, mguu ukining'inia, akapiga soga mpaka akasahau. Aliposikia viatu vya muuguzi, aliurudisha haraka.

Kimashine kilikoroma kidogo, kikanyamaza.

"Umeshusha mguu?"

"Hapana, sista."

"Basi ni betri hizi. Ngoja nikalete nyingine."

Muuguzi akatoka. Chiriku aliinama kutazama. Kipande kilikuwa kimevimba, kimegeuka zambarau, na kimepoa. Hakikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alihisi kuna mtu anakufa mguuni mwake bila kulalamika, naye ndiye aliyemziba mdomo.

"Sista!" alipiga ukelele. "Si betri! Niliushusha! Nilidanganya!"

Kitanda kilisukumwa mbio hadi chumba cha upasuaji.

Alipozinduka, daktari alikuwa kando yake.

"Ulipouning'iniza mguu, damu ilijaa ikaganda kwenye mshipa, tumeitoa. Ungekaa kimya kidogo tu, tungekipoteza. Lakini wewe nawe! Maneno yote hayo, halafu lile moja la maana unalimeza?"

Chiriku aliona aibu.

"Sikiliza, mwanangu. Kipande hiki hakihisi maumivu, kwa hiyo hakiwezi kuomba msaada. Wewe ndiye msemaji wake. Ukitudanganya, tunatibu uongo wako huku mguu unaoza."

Muuguzi aligusisha kimashine. Fuu... fuu... fuu. Chiriku alisikiliza sana, kisha akaingiza mkono chini ya mto na kutoa vidonge viwili vya kuzuia damu kuganda.

"Na hivi vya jana," alisema kwa sauti ndogo, "sikuvimeza."