Kimya cha Sura ya Saba

Kisa hiki kilimfika jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtangazaji mstaafu wa redio, na jinsi kilivyomfika ndivyo kinavyosimuliwa hapa, bila kutiwa chumvi. Macho ya mkewe yalipozimika kabisa, mzee huyo aliigeuza stoo yake kuwa studio ndogo. Alibandika magodoro ukutani, akaweka kipaza sauti mezani, akaanza kumsomea mkewe vitabu. Haukupita muda, wasioona wengine wa mtaani nao wakaziomba rekodi hizo. Akawa anawatumia kwa simu, sura baada ya sura, na kila Jumamosi asubuhi mume na mke walikaa sebuleni kusikiliza maoni yao.

Kitabu cha msimu huo kilikuwa riwaya ya kisayansi kuhusu chombo kiendacho kwenye nyota nyingine. Mtangazaji alikuwa amepiga hesabu zake: kwa mwendo wa sehemu moja ya mia ya kasi ya mwanga, hata nyota ya jirani kabisa haifikiwi kabla ya miaka mia nne na ushei. Kwa sababu hiyo wasafiri wa riwaya ile hulazwa katika masanduku ya baridi. Katika sura ya saba nahodha huwaita mmoja mmoja. Ajibuye "Nipo" hulazwa. Mwandishi hakutaja jina hata moja. Aliandika tu kwamba waliitwa wote. Basi Mtangazaji, ambaye enzi za kazi alikiogopa kimya kuliko moto, safari hii alikwenda kinyume na desturi yake. Baada ya sentensi ile alikiacha kipaza sauti wazi, asiseme neno, ili msikilizaji auhisi mwenyewe upana wa anga. Alijivunia sana kimya kile.

Maoni ya kwanza yalitoka kwa Mama Pacha.

"Mzee, kitabu kitamu, ila watu wanasafiri miaka mia nne na hakuna hata mmoja aliyebeba sufuria? Huyo mwandishi ni mwanamume, tena hajaoa!"

Mkewe alicheka hadi machozi yakamtoka.

Ya pili yalikuwa ya Fundi Viti, msusi wa viti asiyeona tangu kuzaliwa, ambaye alikuwa ameyatuma jana yake.

"Pale pa kuita majina umenimaliza, mzee. Na huyo mama uliyemleta ayaite, loh, sauti kama anabembeleza mtoto! Aliponitaja mimi nikaitika, 'Nipo!' Nikabaki nacheka peke yangu kama chizi."

Mtangazaji naye akacheka. "Fundi naye kwa utani! Mama gani tena?"

Mkewe hakucheka. Uso wake ulikuwa umegeukia mlango wa studio.

"Mume wangu," alinong'ona, "kumbe wewe humsikii?"

"Nani?"

"Amenitaja na mimi. Jana, na leo asubuhi tena. Kwa jina alilokuwa akiniita marehemu bibi, ambalo hata wewe sijawahi kukwambia. Nilitaka nikuulize kwanza kama ni adabu kumwitikia mtu nisiyemjua."

Mtangazaji alimpigia Fundi Viti. Aliyepokea ni dada yake.

"Kaka amelala kitini tangu jana mchana, mzee wangu. Anapumua, ila haamki. Daktari kaja, kashika kichwa. Na mwili wake ni baridi. Ukimgusa unaungua."

Mtangazaji alikata simu bila kuaga. Akawapigia wengine wote: futeni sura ya saba, msiisikilize tena. Kisha akaifuta na ya kwake. Aliporudi sebuleni alimkuta mkewe amekaa palepale, viganja juu ya magoti.

"Umefuta?"

"Nimefuta."

"Mbona bado anaita?"

"Wapi?"

Mkewe alinyoosha kidole kuelekea studio.

Waliingia pamoja wameshikana mikono. Jua la asubuhi lilikuwa limelala juu ya meza. Magodoro, kiti, kipaza sauti. Hapakuwa na mtu. Mtangazaji alitega sikio, asisikie kitu. Ndipo lilipomjia wazo ambalo alitamani lisingemjia. Alichukua kitambaa cha kufutia vumbi, akakikunja, akajifunga macho.

Giza.

Kisha pumzi. Si yake. Si ya mkewe.

Ikaja sauti, laini, ya mtu mwenye subira. Ilitamka jina. Mtangazaji hakuwahi kulisikia, lakini mkono wa mkewe ulishtuka ndani ya kiganja chake. Sauti ikanyamaza, ikingoja, kama mama amngojaye mtoto aliyejificha nyuma ya pazia. Ikaita tena. Karibu zaidi. Mtangazaji alimsikia mkewe akivuta pumzi. Alisikia midomo yake ikiachana.

"Hayupo!" Mtangazaji alijibu.

"Ahsante," sauti ikasema kwa upole.

Alipovua kitambaa, mkewe alikuwa ubavuni mwake, mzima, akitetemeka na kucheka kwa pamoja. "Ameondoka," alisema. "Simsikii tena. Wewe mzee, umenidanganyia mpaka huko juu!" Wakakumbatiana kama maharusi.

Alasiri binti yao alifika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Binti alitua mkoba wake, akatupa macho sebuleni kote. "Mama katoka na nani? Mbona fimbo yake iko hapa?"

"Acha mzaha wako, we mtoto," alisema mama yake, kutoka kwenye kochi.

Binti hakugeuka.

Mama aliinuka, akapapasa hewa, akaushika mkono wa mwanawe juu ya kiwiko. Akaubana. Binti alijikunyata, akapasugua mahali pale. "Kuna baridi humu, baba. Funga hilo dirisha."

Mama alikunja uso. Akavuta pumzi. Mtangazaji alijua ni neno gani linakuja, kwa kuwa ndilo ambalo mtu yeyote angelisema. Aliruka, akamziba mdomo kwa viganja viwili.

"Usiliseme," alimwomba, machozi yakimtiririka. "Nakusihi. Usiliseme kabisa."

"Baba," binti alinong'ona, akirudi nyuma, "unaongea na nani?"

Mke wa Mtangazaji alitafutwa hospitalini na kwa ndugu, hadi watu wakachoka. Mumewe peke yake hakutafuta. Binti siku hizi huvaa mikono mirefu, na mara moja tu aliipandisha ili majirani waone: juu ya kiwiko pana alama nyeupe za vidole vitano. Siku hiyo jua lilikuwa la utosi, joto la kuchoma, na alama zile zilikuwa zimefanya umande.