Ghorofa la Malale

Ndugu zangu wa Shanwe, na nyie wote mnaouza na kununua viwanja kila kona ya Mpanda hii, kaeni mnisikilize. Leo sitasema kwa upole. Mama mliyekunywa maji yake mmemwona akifanyiwa unyama, na wengi wenu mlikaa kimya.

Asubuhi kwa Kabula ilianza kwa ndoo. Wanawake wa mtaa waliingia uani kwake kuteka maji bila hata kubisha hodi, maana kisima kile mume wake, marehemu Makoye, alikichimba kwa mikono yake na akasema maji yake hayauzwi. Donatille ndiye aliyefika wa kwanza kila siku. Huyu ni jirani, wazazi wake walitoka Burundi, na yeye alikulia Katumba, hapa hapa Katavi, kabla ya kuhamia mjini.

"Mwangaluka, mayu!" alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwaramutse, mwanangu!" Kabula alimjibu kwa Kirundi, kisha wakacheka wote wawili, kwa kuwa kila mmoja aliharibu matamshi ya lugha ya mwenzake.

Kuku walichakura chini ya mipera. Pembeni, karibu na ua wa minyaa, palikuwa na kaburi la Makoye lililosakafiwa kwa saruji. Kabula alifagia pale kwanza, ndipo akafagia uwanja. Yeye na mume wake walikuja na ng'ombe kutoka Bariadi wakati Shanwe ilikuwa bado pori. Walijenga nyumba ya tofali za kuchoma na kulea watoto wawili: Malale, anayeishi hapa hapa mjini, na Minza, aliyeolewa Karema, ambako huanika dagaa ufukweni.

Ikaja lami. Mji ukapanuka, na kiwanja cha Kabula kikajikuta kando ya barabara. Tajiri mmoja mgeni akamwambia Malale kwamba mahali kama pale kumwachia bibi na kuku wake ni hasara, na kwamba yeye yuko tayari kutoa pesa za kujenga. Maneno hayo yakamwingia Malale kama homa. Akaenda kwa mama yake.

"Mayu, mji unakua. Hapa panafaa ghorofa. Chini fremu za maduka, juu vyumba vya wageni. Wewe nitakujengea nyumba nzuri kule pembeni."

"Na baba yako nimbebe mgongoni?"

"Siku hizi makaburi yanahamishwa, mayu."

"Mimi sitoki hapa, mwanangu. Kama unakitaka kiwanja, subiri nife."

Malale akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Laiti angeendelea kubisha! Mtoto anayebishana na mzazi wake uso kwa uso bado ana aibu kidogo. Aogopwe yule anayeitikia kwa kichwa na kuondoka.

Haikupita wiki akarudi mbio. "Mayu, mdogo wako wa Usevya amezidiwa. Wahi ukamwone." Akamfungia mzigo, akampandisha basi, hata mkate wa safarini akamnunulia. Kabula alilia njia nzima. Alipofika Usevya akamkuta mdogo wake shambani, mundu mkononi, anavuna mpunga na kuimba.

"Nani amekwambia naumwa, dada?"

Wakacheka. Wakadhani Malale alisikia vibaya kwenye simu. Kabula akasema kwa kuwa amekwisha fika, basi atasaidia kuvuna. Nani angewaza vingine? Mama hamfikirii mwanawe mabaya hadi ayaone kwa macho.

Wakati huo katapila lilikuwa limeshaingia uani. Donatille alikuja kuteka maji kama kawaida. Akaona, akaweka ndoo chini na kusimama mbele ya lile dude.

"Mwenye nyumba hayupo! Msubirini arudi!"

Mwenyekiti wa mtaa, Gelasius, alikuwepo pale. Badala ya kumuunga mkono, akamshika bega na kumsogeza pembeni. "Haya mambo ya familia, Donatille. Mama amekubali, mimi nimehakikishiwa. Halafu nyie watu mliokuja juzi juzi mnajua nini kuhusu ardhi yetu?"

Juzi juzi! Mwanamke huyu amezaliwa Katavi hii hii na ni Mtanzania kama Gelasius. Lakini asiye na hoja hutafuta ukoo wa mtu.

Nyumba ikaanguka. Kisima kikafukiwa. Na nyie majirani? Mlisimama barabarani mkipiga picha kwa simu zenu. Wengine mlikuja na matoroli kubeba mabati na milango, mkisema mkiacha nyie watachukua wengine. Ni Donatille peke yake aliyempigia Minza simu huku akilia, na Minza akapiga Usevya.

Kabula alirudi kwa basi la kesho yake. Hakupiga yowe. Alitembea juu ya vifusi polepole, akasimama pale palipokuwa na minyaa, akamgeukia Malale.

"Baba yako yuko wapi?"

"Tumemhamishia makaburi ya mjini, mayu. Tulimsomea na sala, kwa heshima zote."

Donatille akasema, "Mayu, mimi nilikuwa hapa tangu asubuhi mpaka jioni. Hakuna mtu aliyechimba. Walisawazisha tu."

Malale akamkodolea macho, kisha akainamisha kichwa. "Ni mifupa tu, mayu. Aliyekufa hajui kitu."

Kabula akamgeuzia mgongo. Alikwenda kukaa chumbani kwa Donatille, maana ile nyumba nzuri ya pembeni haikuwahi kuwekewa hata jiwe la msingi. Minza akaja kutoka Karema kufungua shauri. Shauri likapigwa tarehe, na tarehe nyingine, na nyingine tena. Gelasius alisimama akashuhudia kwamba kikongwe aliridhia mwenyewe. Tarehe zikienda, ghorofa nalo likapanda, vioo vya buluu vikawaka jua, na ukutani yakaandikwa maneno makubwa mekundu: KABULA PLAZA.

Ndiyo, aliliita kwa jina la mama yake. Mtoto aliyembomolea mama nyumba akataka asifiwe kwa kumkumbuka.

Siku ya ufunguzi alimtuma Gelasius na kitenge kipya ili mama aje kukata utepe. Minza alichemka. "Usiende, mayu! Wanataka kukupiga picha tu."

"Nitakwenda," Kabula akasema. "Lakini kitenge chao wabaki nacho."

Ukumbi wa chini ulijaa wageni. Vigae vinang'aa, muziki unalia, watu wanacheza. Mshereheshaji akampa Kabula mkasi na kumwekea kipaza sauti mdomoni ili atoe baraka. Muziki ukazimwa. Kabula akatazama sakafu, akapima kwa macho kutoka ukutani hadi mahali fulani katikati ya wachezaji.

"Naomba mvue viatu," alisema. "Mnamkanyaga mume wangu."

Watu wakatazamana. Akaendelea, sauti haitetemeki. "Makoye amelala hapo mnapocheza. Mwanangu huyu alinidanganya mdogo wangu anakufa, nikaenda kulia safarini, nyuma akabomoa nyumba yangu na kumwaga zege juu ya baba yake. Jina langu lifuteni hapo nje."

Malale alimkimbilia. "Mama, unanidhalilisha mbele za watu!"

"Wewe ulingoja nisiwepo. Mimi nimengoja wawepo wote."

Mwanamke mmoja akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakikanyaga kwa ncha za vidole, hadi ukumbi ukabaki na Malale, Gelasius na sahani za pilau.

Habari ilienea mji mzima kabla ya jua kuzama. Wakubwa waliokuwa wakipiga tarehe sasa wakapata mbio. Amri ikatoka, sakafu ikapasuliwa pale Donatille alipoonyesha, na Makoye akapatikana. Tajiri alijitoa kimya kimya na kuhamia mji mwingine. Fremu zile hazina mpangaji hadi leo. Gelasius aliondolewa uenyekiti.

Makoye alizikwa upya Usevya, kwenye shamba la shemeji yake. Malale alikuja, akataka kushika mpini wa jeneza. Mama yake akauondoa mkono wake taratibu, akamwita Donatille ashike mahali pale. Sasa Kabula anaishi Karema kwa Minza. Uani kwake hapatarudi tena. Kisima hakipo. Hata mahakama haiwezi kumrudishia asubuhi zile.

MAFUNZO

Mimi sichukii maghorofa. Mpanda ikue, ipendeze, watoto wetu wapate kazi. Lakini mji unaokua kwa kuwazika wazazi mara mbili unaota kama jipu. Vijana, mzazi akisema hapana, ni hapana, hata kama kiwanja kiko kando ya lami. Viongozi, neno "mambo ya familia" lisiwe shimo la kujifichia wakati mjane anaporwa. Na nyie majirani mlioezeka majiko yenu kwa mabati ya Kabula, hasira yangu kubwa ni kwenu. Malale alikuwa mmoja, nyie mlikuwa mtaa mzima. Mngeweka ndoo zenu chini na kusimama pamoja na Donatille, lile katapila lingerudi lilikotoka.