Mpagaze Doto

Jua lilikuwa limeanza kuinamia upande wa Kwihara, Kulwa alipoomba baiskeli ya pacha wake.

"Unaenda wapi saa hizi?" Doto aliuliza. Alikuwa ameketi kizingitini anakunja ngata yake, kipande cha kitenge cha mama anachokitumia kubebea magunia sokoni.

"Interview. Kwihara."

"Jioni hii? Huko porini? Unaenda kusailiwa na popo?"

"Ni startup, Doto. Watu wa tech hawakai kwenye maghorofa. Huwezi kuelewa."

"Kweli siwezi. Mimi nabeba tu." Akacheka, akaisukuma baiskeli. "Breki ya nyuma haipo. Ukianguka, angukia vitabu vyako."

Ndivyo walivyokuwa tangu zamani. Walizaliwa siku moja pale Kitete, Kulwa akatangulia, Doto akafuata. Padri aliwabatiza Vedasto na Ferdinandi, lakini nani anawaita mapacha kwa majina ya padri? Kulwa alipewa shule, Doto akapewa mabega. Kila kilichoingia kwenye sufuria ya mama yao, Apolinaria, kilipita kwanza mabegani mwa Doto. Kwa Kulwa kilitoka cheti cha Bachelor of Science in Computer Science, kimetundikwa ukutani pembeni ya Bikira Maria, kinaombewa kama marehemu. Kila alikopeleka CV alijibiwa wimbo uleule: tunahitaji mtu mwenye experience. Experience utaitoa wapi, inaota na uyoga wa masika?

Halafu alasiri ile ukaingia ujumbe kwenye simu. *Nina game inakwama kwenye laptop. Ukiirekebisha leo kabla ya giza, kazi ni yako. Lukumani, Kwihara.*

Kabla ya giza. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Kulwa alijiuliza tu kama shati limenyooka.

Alikanyaga pedali kuifuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo mababu zao waliipita na pembe za ndovu mabegani wakielekea pwani, na wengi hawakurudi. Siku hizi wanapita mbuzi na bodaboda. Jioni ile hakupita hata mbuzi. Hewa ilinuka tumbaku. Si ajabu Tabora. Ila tumbaku ile ilikuwa imechanganyika na jasho... jasho la watu wengi, kana kwamba walikuwa wamepita hapo dakika ile.

Aliegemeza baiskeli mtini mbele ya nyumba ya tofali za udongo, mlango wazi. Hakuna waya wa umeme, hakuna sola. Ndani mwanga wa buluu.

Kijana wa makamo yake alikaa mbele ya laptop. Blazer ya bluu, kamba ya kitambulisho shingoni, kitambulisho chenyewe hakuna.

"Mambo vipi, boss?" Kulwa alisalimia.

"Marahaba."

Kulwa akacheka kidogo, akidhani ni utani. Mwenzake hakucheka. Ndipo alipoviona viatu vyake. Vyeusi, vinang'aa, bila punje ya vumbi. Wakati Kulwa mwenyewe alikuwa mwekundu hadi kwenye vifundo.

"Karibu kwenye familia," Lukumani alinong'ona. "Tunapenda vijana wenye passion. Tazama."

Kwenye kioo kulikuwa na game. Mstari mrefu wa wapagazi ulikuwa unatembea kwenye vumbi na mizigo mabegani. Lakini ulikuwa unakwama. Hatua moja, kimya. Hatua nyingine, kimya. Nyuso zilikuwa ukungu mtupu.

Kulwa akafufuka. Hatimaye kitu anachokijua! Akaomba chaja, kwa sababu laptop ikiwa kwenye betri huwa inabana nguvu.

"Haihitaji," Lukumani alisema.

Kweli betri ilisoma asilimia mia. Kulwa akafungua Task Manager, akatazama, akajipiga kofi pajani.

"Kumbe! Bro, laptop yako ina graphics card mbili, za kuchora picha kwenye kioo. Hii ya kwanza ni ndogo, imo ndani ya processor, ya kuandikia barua na kuangalia katuni. Ya pili ndiyo dume lenyewe, dedicated. Sasa ona: hii ndogo inahema kwa asilimia mia, dume liko kwenye sifuri. Limelala! Mzigo wote amebebeshwa asiyeuweza."

"Wawili," Lukumani alisema taratibu. "Mmoja anabeba, mmoja amelala."

"Chuo tulikuwa tunaziita Kulwa na Doto. Utani wangu mimi. Kulwa anatangulia, ana maneno mengi. Doto anakuja nyuma na misuli."

"Na wewe ni...?"

"Mimi ni Kulwa. Pacha kabisa. Doto yuko nyumbani."

Lukumani akainamisha kichwa kama mtu aliyesikia harufu ya chakula.

"Basi rekebisha," alisema.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unaingia kwenye settings za display, unafika kwenye graphics, unaliongeza game lako kwenye orodha, kisha unalichagulia card. Kilichomshangaza Kulwa ni lugha. Windows ya Kiswahili! Nani chini ya jua anatumia Windows ya Kiswahili? Machaguo yalikuwa matatu: *Iamue yenyewe. Okoa nguvu. Nguvu zote.* Akabonyeza *Nguvu zote*. Badala ya kuhifadhi, kioo kikawa cheusi, na katikati yake yakatokea maneno mawili.

NANI ABEBE?

Taa ndogo ya kipaza sauti ikawaka.

"Sema kwa mdomo," Lukumani alinong'ona. "Unampagaza nani?"

Kupagaza. Neno la kizee, Kulwa aliwaza, la kumtwisha mtu mzigo. Game ni la wapagazi, basi wametafuta Kiswahili cha kufanana nalo. Nice touch. Akajiinamia, akasema kwa sauti ya mtu ambaye kazi ameshaipata:

"Mpagaze Doto. Kulwa apumzike."

Kimya.

Halafu, mbali, ndani ya laptop au nje ya nyumba, hakujua... kengele.

Kling... kling... kling.

"Umesema mwenyewe," Lukumani alisema. "Consent ni muhimu sana kwetu."

Game likafunguka. Mungu wangu, lilikuwa zuri! Vumbi likawa vumbi. Jasho likawa jasho. Wapagazi wakatembea laini kama maji, kengele zikining'inia kwenye ncha za pembe walizobeba. Nyuso sasa zilionekana. Hakuna uso uliokuwa na macho yaliyofumbuka.

Kutoka pembeni akaingia mpagazi mpya, akashika nafasi ya mwisho. Mabega mapana. Mguu wa kushoto anauburuza kidogo. Doto aliwahi kukanyagwa na mkokoteni sokoni, mguu wa kushoto. Begani mwa yule mpagazi, chini ya pembe, kulikuwa na ngata.

Ya kitenge. Kitenge cha mama.

Simu ya Kulwa ikalia.

"Kulwa!" Sauti ya mama yake ilikuwa imepasuka. "Rudi! Doto ameanguka. Amekaa tu kizingitini, ghafla kaanguka. Mwanangu amepagawa!"

Amepagawa.

Neno lilimwingia kama maji ya barafu. Mpagazi. Kupagaza. Kupagawa. Miaka yote amelitumia kila moja peke yake, hakuwahi kuyaweka mstari mmoja. Mzigo unapagazwa mtu. Na pepo anapagazwa mtu. Babu zake wala hawakuhitaji maneno mawili.

Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Laptop ilikuwa palepale, wapagazi wanatembea.

Aliibeba. Hakuthubutu kuiacha.

Giza lilikuwa bado halijafunga alipofika nyumbani Kitete. Doto alikuwa amelazwa mkekani, anaungua kama chungu jikoni. Pumzi yake haikuwa pumzi ya mtu. Ilipuliza bila kupumzika, vuuuu, vuuuu, kama feni ya mashine iliyozidiwa. Mabegani ngozi ilikuwa inabonyea. Hakuna aliyemgusa, lakini ngozi ilikuwa inabonyea.

"Mama, tumpeleke hospitali..."

"Tumejaribu kumwinua!" Apolinaria alilia, rozari imemzunguka vidoleni. "Wanaume wanne, Kulwa. Hainuki. Ana uzito wa jiwe."

Doto akafumbua jicho moja. "Kulwa," alinong'ona. "Mwambie huyo anayetembea mbele yangu... apunguze mwendo."

Kling.

Kulwa alikimbilia chumbani, akafunga mlango. Akabonyeza Alt na F4 kulifunga game. Halikufungika. Akakishikilia kitufe cha kuzima laptop, na kule sebuleni Doto akapiga ukelele ambao utaishi kwenye zile kuta. Kwenye kioo mpagazi wa mwisho alikuwa amepiga goti, pembe imemwangukia shingoni. Kulwa akaachia kitufe. Mpagazi akainuka, akayumba, akaendelea.

Basi huo mzigo hauzimwi. Unahamishwa tu.

Akarudi kwenye machaguo. *Nguvu zote*, ambayo ilikuwa Doto. *Okoa nguvu*. Akaupeleka mshale pale. Chini yake yakajiandika maandishi madogo: KULWA.

Begani pake kitu kikatua.

Bado hakijawa kizito. Kilikuwa kinapima tu, kama mnunuzi anavyotomasa embe. Alisikia ubaridi wa pembe ukigusa shingo yake, na harufu ile ya jasho la watu wengi ikampanda puani. Kubonyeza mara moja tu, basi ndugu yake yuko huru. Mara moja! Doto amembeba maisha mazima bila kuulizwa.

"Kulwa," Doto aliita kupitia ukutani. "Kulwa wangu..."

Mtu wa haki angebonyeza. Mtu aliyesoma aliangalia kama kuna option nyingine.

*Iamue yenyewe.*

Chini yake hakukuwa na jina lolote.

Akabonyeza hiyo.

Ubaridi ukamtoka shingoni. Sebuleni ile vuuuu ikakatika. Kimya kikashika nyumba nzima, kisha ikasikika sauti nene ya Doto, imekauka: "Mama, nipe maji. Na huyu msomi amerudi? Baiskeli yangu iko wapi?"

Apolinaria alipiga magoti akamshukuru Bikira Maria. Alimkumbatia Kulwa pia, akamwambia, "Mungu akubariki, baba. Sijui umefanya nini huko ndani, lakini umemwokoa ndugu yako." Kulwa alirudi chumbani. Alifunga laptop, akaifunika na blanketi, akaiwekea Biblia juu.

Asubuhi Doto alikula ugali wa wawili. Kulwa alipanda baiskeli hadi Kwihara, akaikuta njia, akaukuta mti aliouegemezea baiskeli. Nyumba hakuiona. Palikuwa na kichuguu cha mchwa na kipande cha kamba ya kitambulisho, kimeoza kana kwamba kimelala ardhini tangu enzi za babu.

Alirudi akijitia moyo. Doto mzima. Yeye mzima. Na game lilikuwa kimya chini ya blanketi. Labda limeamua kuwaacha.

Mama yake alikuwa ameketi kizingitini, pale pale alipokuwa amekaa Doto jana. Jiko la mchana halijawashwa. Alikuwa ameinama upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alikuwa anajishika begani, uso umekunjamana kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Kulwa, mwanangu, hebu nitazame hapa. Tangu nimeamka kuna kitu..."

Chumbani, chini ya blanketi, chini ya Biblia, feni ilianza kupuliza.

Kling.