Kidonda cha Bwana Kosta

Kila asubuhi Tabea alipeleka maziwa kwa Bwana Kosta, Mgiriki aliyelima kahawa karibu na Maji ya Chai. Enzi hizo za utawala wa Mwingereza, walowezi wengi hawakuitikia hata salamu ya mtoto wa Kimeru. Bwana Kosta alikuwa mwingine kabisa. Kwa desturi ya kwao, kila aliyeingia alipewa kijiko cha jamu ya tini na bilauri ya maji, hata mleta maziwa. Naye mwenyeji alikula chake pamoja na kila mgeni, na wageni hawakukosekana.

Siku za karibuni alikuwa akimaliza jagi zima la maji na bado ana kiu. Alikuwa amekonda, na mguu wa kulia aliufunga kitambaa. Jumamosi hiyo Tabea alisikia harufu mbaya.

"Shikamoo, Bwana. Mguu unauma?"

"Marahaba. Buti tu limenichubua. Dawa ninayo." Alionyesha chupa ya vidonge vya antibiotiki aliyoletewa na kaka yake kutoka Ugiriki. "Maumivu yakizidi nameza, yakipoa naacha. Walowezi wenzangu klabuni nao wanajitibu hivihivi. Sasa sikiliza. Daktari atapita kunywa kahawa. Mwambie nimekwenda Moshi, maana akiuona mguu huu ataukata. Niahidi."

Tabea aliahidi. Angemkataliaje mtu mzima, tena tajiri aliyemwajiri baba yake?

Daktari alipofika, Tabea alimpokea barazani. "Shikamoo, Daktari. Bwana amekwenda Moshi."

"Mbona gari lake lipo?"

"Amepewa lifti," alijibu, macho chini. Daktari akaacha salamu, akaondoka.

Mara bilauri ikavunjika ndani. Tabea aliingia mbio, akamkuta Bwana Kosta sakafuni, anahema kwa nguvu na kunong'ona Kigiriki. Alimwita, lakini hakumtambua. Tabea aliogopa sana. Akisema, amevunja ahadi, na huenda baba akafukuzwa kazi. Akinyamaza, mtu huyu atakufa mbele yake.

Alikatiza katikati ya mibuni hadi getini, akasimama mbele ya gari la Daktari.

"Daktari, nimekudanganya," alisema akilia. "Bwana yuko ndani, ameanguka."

Bwana Kosta alilazwa muda mrefu. Alikatwa vidole viwili, mguu ukabaki. Siku aliyorudi, Tabea alikwenda na mama yake, Ndeshi. Daktari alikuwapo.

"Ana kisukari, na hakujua," Daktari aliwaeleza. "Sukari ikiwa juu, kidonda hakiponi vizuri. Vile vidonge haviwezi kushusha sukari. Tena ukivimeza bila kupimwa, leo unameza kesho unaacha, vijidudu huvizoea. Nimewapima wenzake wa klabuni. Kadhaa wanao ugonjwa huohuo."

Tabea alimgeukia Bwana Kosta. "Nisamehe, Bwana. Nilivunja ahadi."

"Mimi ndiye niombe radhi," alisema Bwana Kosta. "Nilimfundisha mtoto kusema uongo kwa sababu naogopa kisu."

Ndeshi alimshika binti yake bega. "Mwanangu, mtu mzima tunamtii. Lakini akikutuma ufiche ugonjwa, usikubali, hata awe nani. Njoo useme."

Sinia ikaletwa. Palikuwa na bilauri nne za maji na vijiko vitatu tu vya jamu. Bwana Kosta alichukua maji yake, akayanywa taratibu, akawatazama wageni wakila.