Kopo la Mifukoni

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, shule ilipofungwa, Dobi Mdogo hakwenda nyumbani. Alikwenda chuo kikuu. Usishangae, hakuwa mwanafunzi wa huko. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu. Mama yake ndiye aliyekuwa dobi wa bweni la wasichana, na chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, chenye mashine sita, mbili mbovu tangu enzi na enzi. Wanafunzi wa bweni ndio waliompa jina la Dobi Mdogo, naye akalipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko. "Mfuko kwanza, maji baadaye," mama alimwambia, kwa sababu siku moja kalamu iliyosahaulika ilipaka wino mashati ishirini, na maneno aliyoambiwa mama siku hiyo hayaandikiki. Basi Dobi Mdogo alitia mkono katika kila suruali na kila koti. Alichokipata, iwe funguo, vibanio vya nywele, peremende iliyoyeyuka au vikaratasi, alikitia ndani ya kopo kubwa la maziwa, mwenyewe aje akichukue.

Akimaliza, aliketi juu ya kikapu cha nguo akafanya hesabu zake. Alikuwa na sababu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ametangaza kuwa wanafunzi wanne wataiwakilisha shule katika mashindano. Kungekuwa na majaribio mawili, wiki mbili baina yake, na alama zote zingejumlishwa. Na mashindano yenyewe yangefanyika wapi? Katika ukumbi mkubwa wa chuo hiki hiki! Jamani, Dobi Mdogo aliutaka ukumbi ule. Alikuwa ameuchungulia mara nyingi kwenye mlango wa nyuma, akaona viti vinavyopanda kama ngazi na ubao mrefu kuliko darasa lao zima. Kuingia hajawahi.

Sasa, chuo hicho hakikuwa cha kila mtu. Waliokuwa wakiomba nafasi walikuwa maelfu, na waliochukuliwa ni wachache mno. Ndiyo maana Dobi Mdogo aliwasikiliza wanafunzi wale kwa masikio yote mawili walipokuwa wakingoja nguo zao. Lakini aliyoyasikia yalimchanganya.

"Umesomea mtihani wa kesho?" mmoja aliuliza.

"Wapi! Hata daftari sijalifungua. Nimelala mchana kutwa."

"Afadhali wewe. Mimi sijui hata ni mtihani wa somo gani!"

Wakacheka wote. Aliyecheka zaidi ni msichana mrefu wa mwaka wa pili waliyemwita Kipanga kwa sababu hakuna mtihani uliomshinda. Matokeo yalipotoka, Kipanga alikuwa na themanini na nane. "Bahati tu," alisema, huku akichomoa shuka lake mashineni.

Kulikuwa na mwingine mwenye miwani ambaye siku moja alishuka na kitabu mkononi. Wenzake wakamwambia, "Bibi Kitabu, utapofuka!" Akakifunga, akakisukuma chini ya taulo. Hakukileta tena.

Dobi Mdogo aliwaza na kuwazua. Hawa ndio wenye akili kuliko watu wote, na hawasomi. Anayesoma anachekwa. Basi huenda kusoma ni kazi ya wale ambao akili zao hazitoshi! Na yeye aliyekuwa akisoma kila siku juu ya kikapu, alikuwa nani? Aibu ikamshika. Akafunga daftari, akalitia mkobani.

Siku ya jaribio la kwanza, rafiki yake wa dawati moja alimwuliza, "Umesoma?"

"Wapi! Hata daftari sijalifungua," alijibu kwa madaha. Masikini, yeye alikuwa akisema kweli.

Alipata arobaini na moja. Rafiki yake alipata sabini na mbili. Dobi Mdogo aliitazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, kana kwamba alama nyingine zimejificha huko.

Jioni hiyo mama alikuwa anapiga pasi. Aliisoma karatasi, akamwangalia mwanawe. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Maswali yalikuwa magumu?"

"Sikusoma."

"Hukusoma? Kwa nini?"

"Wenye akili hawasomi, mama. Dada wote wa hapa hawasomi, na wanafaulu."

Mama aliisimamisha pasi. Dobi Mdogo akajua leo limemfika. Lakini mama alikwenda rafuni, akalichukua lile kopo, akalimwaga lote juu ya meza.

"Soma hivyo vikaratasi."

Vilikuwa zaidi ya thelathini, kila kimoja sawa na kiganja, vimeandikwa pande zote mbili kwa herufi ndogo kama mchwa. Ulikuwa ni muhtasari wa masomo. Pembeni paliandikwa: *rudia tena*. Kimoja kilisema: *mara ya tano, bado*.

"Hiki ulikitoa wapi?" mama aliuliza.

"Kwenye koti la dada Kipanga."

"Na hiki?"

Dobi Mdogo akakigeuzageuza. "Suruali ya yule aliyelala mchana kutwa."

"Mikono yako ndiyo iliyovitoa, mwanangu, na macho yako hayakuviona. Uliisikiliza midomo ukaiacha mifuko."

Badala ya kuelewa, Dobi Mdogo ndiyo kwanza akachanganyikiwa. Mvivu akijisingizia bidii, hilo alilijua. "Lakini mama, kwa nini mtu mwenye bidii ajisingizie uvivu?"

"Hilo hata mimi sijui. Mwulize mwenyewe, huyo hapo."

Kipanga alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Alikuwa amesikia. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekuja kutafuta kikaratasi changu."

"Marahaba. Kichukue, lakini umjibu mdogo wako."

Kipanga aliketi. "Kwetu nilikuwa wa kwanza tangu nianze shule. Nikaja hapa, kumbe kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kwanza nilikuwa wa sabini na tatu. Nikalia chooni, mdogo wangu. Tangu hapo nikasema sisomi. Nikifaulu, wataniita kipanga. Nikifeli, watasema sikusoma tu."

"Na jambo usiloelewa, unamwuliza nani?" mama aliuliza.

"Simwulizi mtu. Nitaulizaje, na nimesema hata daftari sijalifungua? Sura ya sita ya kitabu chetu inanitesa wiki ya tatu hii."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," mama alisema, akarudia pasi yake.

Dobi Mdogo alirudi kikapuni kwake, na daftari likarudi magotini. Siku moja kabla ya jaribio la pili, wanafunzi walikuwa wamejaa chumbani wakingoja nguo.

"He! Dobi Mdogo naye kawa Bibi Kitabu!" akasema yule wa kulala mchana.

Masikio yalimwaka moto. Neno "wapi" lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza. "Ndiyo, nimesoma sana. Ila hesabu za sehemu, hizi za nusu na robo, bado zinanishinda."

Walicheka. Ndipo Kipanga aliposema, "Na mimi nimesoma. Tangu Jumapili nasoma, na sura ya sita haijaniingia."

Kicheko kikakatika.

"Ya sita?" alisema yule mwenye miwani. "Hiyo naielewa. Mimi shida yangu ni ya nane."

"Hata mimi ya sita inanitoa jasho," alisema aliyelala mchana kutwa.

Muda si muda walikuwa sakafuni kati ya vikapu, madaftari wazi, wakibishana kwa furaha. Kipanga alichukua shuka kavu, akalikunja sehemu mbili, kisha nne, kisha nane, mpaka Dobi Mdogo akapiga kelele, "Kumbe nusu ya robo ni hiyo!" Mama akalalamika kuhusu shuka lake, lakini alikuwa anacheka.

Jaribio la pili alipata tisini na tatu. Mwalimu alipojumlisha, Dobi Mdogo alikuwa wa nne, akimzidi wa tano kwa alama moja tu. Hakulala kwa furaha, na pia kwa hofu ya alama ile moja.

Asubuhi ya mashindano alipita chumba cha kufulia, amevaa sare iliyonyooka. Mama alimtazama toka juu mpaka chini. "Mfuko kwanza," alisema.

Dobi Mdogo alitoa kikaratasi chake cha sehemu, kimechakaa kwa kukunjwa. Ndani ya ukumbi hakiruhusiwi. Akakitumbukiza koponi mwenyewe.

"Sare yako ni nyeupe leo," mama alisema, akimweka sawa kola. "Haikujifua. Ukimwona mtu anang'aa, mwanangu, jua kuna mahali alipoloweka mikono, hata akikana. Na wewe usiikane kazi yako. Haya nenda, na leo upite mlango wa mbele."